Yamaha YZ250 ya 1975: Shokapu Moja Iliyonitia Wazimu

Haya haya haya, wana gereji, mambo vipi! Karibuni tena. Mkisikia mluzi nyuma yangu msishtuke, ni birika la chai, gereji hii imepakana na jiko na mwenye nyumba wangu wa kweli, yaani mke wangu, hajali kama nipo hewani.

Leo ndiyo leo. Tangu Februari mnanisumbua kwenye komenti: fundi, ile ya njano vipi? Fundi, umeiuza kimya kimya? Sijaiuza. Mwanangu, vuta turubai. Taratibu, usikwaruze tangi, rangi hiyo nimepaka kwa mkono wangu mara tatu. Eh! Iangalieni. Yamaha YZ250, mwaka 1975. Haina taa, haina honi, haina pa kubebea abiria. Imezaliwa kwa ajili ya motokrosi, mbio za kurukaruka kwenye matope tu.

Mambo ya ukubwa wa injini na idadi ya gia siwapotezei muda. Ni tu-stroku, ile inayochoma oili pamoja na petroli, ya cc 250 yenye gia 5, inapozwa na upepo, breki za drami mbele na nyuma, mengine utayapata popote. Mimi nataka kuwaonyesha kitu kimoja. Nikimaliza hicho, anayetaka kuondoka aondoke.

Sogea, mwanangu. Onyesha gurudumu la nyuma. Mnaona nini? Rudia upande wa pili. Mnaona nini? Hamwoni kitu! Shokapu ziko wapi? Pikipiki zote za miaka hiyo, Husqvarna, CZ, Maico, Honda, zina shokapu mbili, moja kushoto moja kulia. Hii ukiitazama ni kama mtu kaiba shokapu akakimbia nazo. Sasa nafungua kiti, boliti mbili. Nafungua mpira wa petroli. Natoa tangi. Haya.

Hiyo hapo. Hilo dude refu kama mchi wa kutwangia limelala chini ya tangi, linaanzia chini ya kiti linakwenda mpaka karibu na shingo ya usukani. Ni moja tu. Mkono unaoshika gurudumu la nyuma si fimbo mbili za kawaida, ni pembetatu. Gurudumu likipanda, ncha ya juu ya pembetatu inasukuma shokapu kwenda mbele. Basi. Hakuna maajabu mengine.

Wazo hili si la Yamaha. Ni la Mbelgiji mmoja, mhandisi Lucien Tilkens. Yamaha wakalinunua, wakalitia kwenye pikipiki za timu yao, na mwaka 1973 Msweden Håkan Andersson akachukua nalo ubingwa wa dunia wa daraja la 250. Miaka miwili baadaye mtu yeyote mwenye pesa aliweza kuingia dukani akatoka na hii. Fikiria, bingwa wa dunia anashinda, halafu muda si mrefu wewe na fuko lako unapewa kifaa kilekile, au ndugu yake wa damu.

Ngoja niwaambie kwa nini mimi hasa. Marehemu baba alikuwa bwana shamba mkoani Iringa, na alikuwa na Yamaha DT ya mradi, yenye namba za DFP, zile za miradi ya wafadhili. Wale wa nyumbani mnaijua DT. Ile ya baba ilikuwa na shokapu moja, imejificha hivihivi. Nilikuwa nachungulia chini ya kiti najiuliza gari la watu gani hili, mbona halina miguu ya nyuma. Sikujua kwamba pikipiki inayobeba miche ya kahawa na madumu ya dawa ilirithi kiungo kutoka kwenye mbio za dunia. Nimekuja kulijua hilo nikiwa hapa Columbus, Ohio, nimevaa koti mbili gerejini, natoa kutu kwenye fremu. Tofauti ni kwamba DT ina kitangi chake cha oili, hii hapana, hii unachanganya mwenyewe. Mimi natia lita 1 ya oili kwa lita 32 za petroli. Kuna wazee wataniandikia kwamba zamani tulitia nyingi zaidi. Shikamooni wazee, lakini oili ya leo si ile ya zamani.

Sasa jaribio. Nimelisubiri wiki nzima. Mwanangu, lete vile vyombo.

Hii ni chupa ya maji, nimetia oili ya shokapu nusu, juu nimeacha hewa. Hii ndiyo shokapu ya kawaida ya miaka hiyo: oili na hewa vinakaa chumba kimoja. Sasa huyu ni mimi nashuka kilima chenye mashimo. Natikisa. Natikisa. Hesabu, mwanangu. Ishirini, sawa. Sogeza kamera. Mnaona ilivyobadilika? Ilikuwa nyekundu safi, sasa imefifia, imejaa vipovu kama chai ya maziwa iliyokaribia kumwagika jikoni. Ndani ya shokapu kazi ya oili ni kupenya kwenye vitundu vidogo vya pistoni, kwa shida, na hiyo shida ndiyo inayomtuliza farasi. Povu halipati shida. Povu linapita tu. Kwa hiyo mzunguko wa kwanza uwanjani unajiona bingwa, mzunguko wa nne gurudumu la nyuma linadunda kama mpira wa chandimu.

Chombo cha pili. Hili ni kopo la plastiki la siagi ya karanga, nimelichagua kwa sababu mdomo ni mpana. Nimejaza oili mpaka juu kabisa, ila ndani nimezamisha puto dogo lililofungwa. Hewa imo, lakini imefungiwa, haigusani na oili. Nafunga kifuniko. Natikisa. Mwanangu, hesabu tena. Ishirini. Haya, tazama. Hakuna kipovu. Sasa angalia nikiliminya kopo hivi... umeona puto lilivyonywea? Fimbo ya shokapu ikiingia ndani inahitaji nafasi, na oili haibanyiki, kwa hiyo kinachobanyika ni hiyo gesi iliyofungiwa. Kwenye shokapu hii si puto, ni pistoni inayoelea, upande huu oili, upande ule gesi ya naitrojeni yenye shinikizo kali. Mpango huo wa gesi ni wa Mfaransa de Carbon. Tilkens alichofanya ni kutafuta mahali pa kulaza shokapu moja kubwa yenye oili nyingi badala ya mbili ndogo zinazochemka kama maharage.

Ongeza na hili. Kwenye Honda Elsinore ya 1973, motokrosi ya Honda, gurudumu la nyuma lilisafiri juu na chini kama sentimita 10. Hii ni takriban 15. Unaweza kusema sentimita 5 ni nini? Kaa juu yake uruke ukuta wa udongo halafu tuongee.

Baba, mkono umechoka. Ndiyo, nimesikia, badilisha mkono.

Kabla sijasahau, chaneli. Tumefika watu 4,000, nashukuru sana, na asilimia kubwa mnatoka Nairobi na Dar, sikutegemea. Maikrofoni mpya imefika, yule aliyesema nasikika kama nipo ndani ya pipa, sasa nasikikaje? Wiki mbili zijazo kuna video ya kutoa krenki bila kupasua kizimba, nimeipasua moja tayari kwa ajili yenu.

Tuje kwenye machungu. Shokapu hii ndiyo roho ya pikipiki, na roho ikivuja umekwisha. Zile za kawaida ukiharibu unanunua jozi mpya mtandaoni, jioni umefunga. Hii huwezi. Unahitaji mtu mwenye sili zake, mtambo wa naitrojeni na mikono isiyotetemeka. Nikaituma kwa fundi jimbo jingine, simtaji, nikalipa dola 340, nikakaa wiki saba nasubiri. Ikarudi inang'aa kama sufuria ya harusi. Mazoezi ya kwanza safi. Mazoezi ya pili nikaona pikipiki imekaa chini kama mbwa aliyekaa kitako. Nafungua tangi, oili imetapakaa mpaka kwenye silinda. Sili iliwekwa kinyume. Kinyume, ndugu zangu! Nikaipeleka kwa mzee mmoja karibu na hapa, mstaafu, akacheka kwanza dakika nzima, halafu akaitengeneza kwa siku tatu. Hakutaka pesa, alitaka sambusa. Mke wangu alikaanga 40.

Halafu hapo ilipolala, shokapu imo juu ya injini ya moto na imefunikwa na tangi. Upepo unaipataje? Haiupati sawasawa. Kwa hiyo ule ugonjwa wa joto tuliosema Tilkens ameuponya, ameuponya nusu. Na ukitaka kukaza springi kidogo tu, ni kiti, ni tangi, ni mpira wa petroli. Mwenye Maico anakaza zake amesimama, anatafuna karanga.

Na hapa lazima niseme ukweli hata kama nimeimba sifa robo saa. Maico walitazama tatizo lilelile wakalijibu kirahisi kuliko Yamaha. Katikati ya 1974 walichukua shokapu zao mbili za kawaida wakazisogeza mbele kwenye mkono wa gurudumu. Tu. Safari ya gurudumu ikaongezeka, na watu wakachukua misumeno na mashine za kuchomelea wakaiga majumbani. Niliwahi kuendesha moja ya rafiki yangu. Kwenye kona inaingia kama kisu kwenye papai. Yangu hii ni ndefu, uzito uko juu, na ukishuka kilima umeshika breki, nyuma inapiga teke kushoto, kulia, kushoto. Mara ya kwanza nilidhani tairi imetoka. Ikiruka na kutua, hakuna kama yeye. Ikishuka na breki, nasoma dua.

Bado kuna suala la pa kukimbizia. Ohio tumebarikiwa, maana kila Julai kwenye uwanja wa Mid-Ohio pale Lexington, saa moja na ushei kutoka hapa kwangu, wanakusanyika watu wa pikipiki za zamani nchi nzima. Kuna mbio, na kuna gulio la vyuma ambalo miguu itakuuma kabla hujafika mwisho. Pale ndipo nilipopata digadi ya mbele. Mzee ananiambia dola 80. Nikamwambia mzee wangu, nimetoka mbali. Ananiuliza mbali wapi. Nikasema Tanzania. Akanipa kwa 55 na soda.

Lakini madaraja ya pikipiki za zamani kabisa yana kanuni ya kipimo: nyuma gurudumu lisisafiri zaidi ya inchi 4, yaani kama sentimita 10, mbele zisizidi 7. Hii inapita. Kwa hiyo siwezi kupanga mstari na Elsinore ya 1973, ingawa zimepishana miaka miwili tu. Nasukumwa juu, nakutana na mashine changa zaidi. Kuna daraja linaloruhusu chochote chenye breki za drami, injini ya kupozwa na upepo na shokapu isiyo na vile vyuma vya kuiunganisha na mkono wa gurudumu walivyokuja navyo kina Kawasaki na Honda kwenye 1980 na 1981. Humo unamkuta mtu na Maico 490 ya 1981. Mimi na 250 yangu ya 1975! Mwaka jana nilikuwa wa tatu kutoka mwisho, na wawili wa nyuma yangu mmoja mnyororo ulikatika. Kanuni yenyewe naielewa, bila hiyo mwenye shokapu mbili fupi angekula vumbi langu. Inauma tu.

Bei, najua mnasubiri bei. Nilinunua gofu, fremu na injini iliyokwama, dola 1,900. Hesabu ya risiti nilizomwonyesha mke wangu inafika 4,700. Risiti nyingine zimo kwenye lile boksi la plagi, na mwanangu, hiyo sehemu ukate. Je, ununue? Kama unataka kukimbia na kushinda, tafuta Elsinore, vipuri vipo, daraja lipo, utalala usingizi. Nilianza video hii nikitaka kusema hii ndiyo pikipiki bora ya miaka ile. Sasa nikijisikiliza, sijui. Ila motokrosi zote unazoziona leo zina shokapu moja nyuma, zote. Nenda kahesabu.

Haya, tunairudisha tangi tuiwashe. Fungua mlango wa gereji, moshi huu utatufikia jikoni tufukuzwe. Petroli ipo. Natafuta pistoni juu kwa mguu... hapo. Kiki ya kwanza. Hapana. Ya pili. Nilisahau kufungua koki ya petroli, msicheke. Ya tatu—

Sikilizeni hiyo! Sikilizeni! Jirani anafunga dirisha. Samahani, bibi! Dakika moja tu!

Eti betri ya kamera asilimia 4. Mwanangu, ulichaji nini jana usiku? Zima, zima kabla haijajizima yenyewe, tutaendelea na—