Rangi ya udongo ukutani: ipi ununue, ipi uiache dukani

Rangi ya udongo hafifu, ile iliyo kati ya mchanga mkavu na chai ya maziwa, hupendwa dukani mchana na kuchukiwa nyumbani usiku. Mara nyingi kosa ni la balbu. Balbu yenye maandishi 6500K (K ni kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga) hutoa mwanga mweupe wa kibuluu, na chini yake udongo hugeuka kijivu, hata kijani cha matope. Funga ya 3000K, ukuta uleule unapata joto lake. Kwa hiyo anza na kopo dogo: paka karatasi ya manila mikono miwili, yaani tabaka mbili, uihamishe ukuta hadi ukuta, asubuhi na usiku. Kama sakafu ni ya vigae vyekundu, chagua udongo wenye wekundu kidogo. Ule wa kijivu utaonekana wa kijani. Ukishapata rangi, chagua aina yake; orodha hii inaanza na ya kwanza kununua.

1. Rangi ya maji ya silki. Ndiyo ya sebule, korido na kila mahali watoto wanapopita. Alama za vidole hutoka kwa kitambaa na maji ya sabuni. Ila mng'ao wake hufichua kila bonde la skimu (lipu laini ya juu ya plasta), hasa ukuta wa ubavuni mwa dirisha. Piga msasa kwanza, futa vumbi, kisha paka praima, rangi ya chini ya kushikisha.

2. Rangi ya maji isiyong'aa, ya daraja la juu. Kwa uzuri peke yake ingeshika namba moja: udongo unatulia, na kuta zenye mawimbi zinasitirika. Inafaa chumba cha kulala. Ukisugua doa, pale uliposugua panabaki paking'aa.

3. Rangi ya mafuta. Milango, na mita 1 ya chini jikoni. Kwenye ukuta wenye unyevu huvimba malengelenge na kubanduka, kwa sababu maji hayana pa kutokea.

4. Ndoo za bei ya chini. Ukuta ukikauka, pitisha kiganja. Kikitoka na unga, gundi ni haba. Utapaka mikono minne badala ya miwili, na nafuu yote imekwisha.

Nyumba za mawe ya matumbawe, kama za Mji Mkongwe Zanzibar au Lamu, tusizipime kwa orodha hii. Kuta zile hupumua. Zinataka chokaa iliyotiwa oksaidi ya unga, ile ya kutia rangi, si rangi za plastiki kama hizi.

Kiasi: chumba cha mita 4 kwa 3.5, kimo 2.7, kina ukuta wa mita za mraba 40.5. Toa mlango na dirisha, zinabaki kama 37. Lita 1 hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, hivyo mikono miwili ni lita 7.4: nunua galoni mbili za lita 4. Mwangalie fundi anapoongeza maji. Yakizidi sehemu moja ya kumi, rangi inapauka na kuacha michirizi. Plasta mpya isubiri wiki 4, la sivyo chumvi nyeupe itachomoza. Chokaa ya zamani ikwanguliwe yote.

Rangi ya kuchanganyiwa kwa mashine hutofautiana kidogo kopo kwa kopo, basi mimina zote kwenye ndoo moja ukoroge kabla ya kuanza. Bakiza nusu lita, ifunge vizuri, uandike juu yake namba ya mchanganyiko.