Baada ya mkaa: gesi ya mtungi au jiko la umeme la presha?
Kwa kaya ya Dar es Salaam inayoachana na mkaa, jiko la umeme la presha hushinda waziwazi kwenye maharage na makande, kwa kuwa hulifungia joto ndani na mara nyingi hutumia chini ya uniti moja ya LUKU, tena sehemu kubwa ya umeme huo hutokana na maji, hasa Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115. Gesi, ingawa ni mafuta ya kisukuku yanayotoa hewa ukaa, haijali umeme ukikatika, na chapati hazipikwi kwenye presha. Matunzo ni hasa ya mipira: wa mfuniko kwenye jiko la presha, wa gesi kwenye mtungi. Mwenye mita yake aanze na umeme. Mpangaji anayechangia mita na wenzake, ambako kila uniti huzua ugomvi, atatulia zaidi na mtungi wa kilo 6.