Semina ya "mlango salama" chuoni: stika nimebandika, ila kuna mambo niwaambie

Naipa nyota tatu na nusu kati ya tano, na hiyo moja na nusu ni ya yule dada mwezeshaji wa mchana, bila yeye ningeipa mbili nikaendelea na maisha yangu.

Kwa ambao hamjui ni kitu gani, ni semina ya siku moja inayoandaliwa na ofisi ya wanafunzi kila muhula, bure, wanakaribishwa wahadhiri, wafanyakazi, viongozi wa mabweni na mwanafunzi yeyote anayetaka. Lengo mwanafunzi shoga au msagaji au ambaye bado hata hajajijua yuko wapi awe na watu wa kuwafuata pale chuoni bila kuogopa. Ukimaliza unapewa stika yenye rangi za upinde wa mvua unaibandika mlangoni kwako, maana yake ukigonga hapa hutatukanwa, hutahubiriwa, na ulilosema halitoki. Mimi nilienda kama kiongozi wa ghorofa, na nisiwadanganye, nilienda kwa sababu jina langu lilishaandikwa kwenye orodha, sio kwamba nilikuwa na moyo sana.

Asubuhi ilikuwa ya kuchosha jamani. Mwezeshaji wa kwanza alisoma slaidi kama anasoma risala mbele ya mgeni rasmi, herufi hii maana yake hii, bendera hii ya hawa, bendera ile ya wale, karibu saa nzima, na projekta yenyewe rangi zimefifia kwa hiyo bendera zote zilikuwa zinafanana. Na pamoja na maneno yote hayo hakuligusa neno ambalo sisi ndio linatusumbua kila siku. Shoga. Hilohilo mama yangu anamwita rafiki yake wa miaka yote, "shoga mbona umenitupa", ndio hilohilo mtu anarushiwa koridoni kama jiwe. Kuna wanaojiita hivyo wenyewe na hawana tabu, na kuna ambao ukiwaita hivyo umewachoma. Nilinyoosha mkono nikauliza tufanyeje, nikajibiwa tutalirudia. Hatukulirudia. Mpaka leo ninachofanya ni kusikiliza mtu anajiitaje ndio na mimi namwita hivyo, asipojiita chochote simwiti chochote, namwita jina lake.

Kipande cha historia kilinishangaza kwa uzuri, na kilianza kwa bahati tu. Jamaa mmoja wa udaktari nyuma akasema haya mambo ya vyuo kuwa na ofisi za mashoga si yameletwa juzi na intaneti. Mwezeshaji akaacha slaidi, na ndio mara ya kwanza nikamwona akiongea kama mtu. Akasema chuo kikuu cha Columbia kule New York kilikubali kikundi cha wanafunzi wa namna hiyo mwaka 1967, Michigan wakafungua ofisi kabisa mwaka 1971, intaneti gani hiyo. Halafu akamgeukia jamaa kwenye fani yake, kwamba chama cha madaktari wa akili wa Marekani kiliutoa ushoga kwenye orodha ya magonjwa mwaka 1973, na Shirika la Afya Duniani nalo likafanya hivyo tarehe 17 Mei 1990, kwa hiyo wewe daktari mtarajiwa akija mgonjwa shoga anaumwa malaria utamtibu malaria. Jamaa akacheka, na kusema kweli baada ya hapo ndiye aliyekuwa anauliza maswali ya maana kuliko sisi wote.

Sasa mchana. Dada wa mchana alikuja na viti viwili tu, akamwambia fundi azime projekta. Kitu cha kwanza akanyanyua tangazo la semina yenyewe, lililoandikwa kwa herufi kubwa UVUMILIVU KWA WOTE, akatuuliza nyie huwa mnavumilia nini. Watu wakataja, njaa, foleni, jino, jirani mwenye redio. Akasema haya, sasa mwanafunzi mwenzenu mnataka kumweka kwenye orodha hiyo pamoja na jino? Ukumbi ukawa kimya kidogo halafu tukacheka. Lakini hakuliacha neno likae vibaya, alisema kuvumilia ni mahali pa kuanzia kwa ambaye dini yake au malezi yake hayamruhusu zaidi, na mtu wa hivyo asifukuzwe kwenye semina, angalau akubali kwamba mwenzake atalala bila kugongewa mlango kwa vitisho na atafanya mtihani wake bila kunong'onwa. Nililipenda hilo, maana kuna mama mmoja wa maktaba alikuwa amekaa kama anataka kuondoka na akabaki.

Sasa vile viti viwili kazi yake ilikuwa hii. Mmoja anakuwa mwanafunzi amekuja kusema, mwingine ndio mwenye mlango. Mimi nikapangwa na mzee wa hesabu, mhadhiri, mtu mzima kabisa, ndiye akawa mwanafunzi. Akakaa, akashika magoti, akasema "mimi napenda wanaume, sijamwambia mtu". Mwigizo tu lakini aliusema taratibu mpaka nikasahau kwamba ni mwigizo. Na mimi haraka haraka nikajibu usijali, mimi sina shida na hilo. Dada akasimamisha. "Amekwambia habari zake, wewe umemjibu habari zako." Yaani nilitamani ardhi ipasuke. Ukifikiria ni kweli, nani aliniuliza kama nina shida?

Tukarudia. Tukafundishwa vitu ambavyo vinaonekana vidogo. Usimuulize una uhakika, hajaja kufanyiwa mtihani. Usiseme nilikuwa najua siku nyingi, atalala anahesabu wangapi wengine wanajua. Mshukuru amekuamini. Halafu kuna swali moja la muhimu kuliko yote, nani mwingine anajua, sio kwa umbea, ni ili wewe usije ukateleza mbele ya mtu wa chumbani kwake au dada yake ukaitoa siri kwa bahati mbaya. Na usimuahidi kwamba hutasema chochote kwa yeyote hata iweje, kwa sababu akikwambia anataka kujidhuru utalazimika kutafuta msaada, kwa hiyo mwambie mapema mpaka wako uko wapi.

Haya yote yalichukua dakika arobaini, watu wakaanza kufunga mabegi. Bendera saa nzima, hili dakika arobaini! Na kuna mambo hayakuguswa kabisa. Mzazi anapiga simu bwenini anauliza mwanangu analala chumba na nani na kuna maneno nimesikia, unamjibu nini? Mwanafunzi ada imesimamishwa nyumbani kwa sababu wamejua, anaenda ofisi gani? Wawili wa chumba kimoja mmoja anataka kuhamishwa kwa sababu ya mwenzake, nani anahama? Mimi nilifikiri mambo haya ndiyo yangekuwa semina yenyewe.

Halafu stika. Zilipitishwa kwenye boksi kama peremende, kila mtu akachukua, akiwemo jamaa aliyelala tangu saa nne na mwingine ambaye mapumzikoni nilimsikia kwa masikio yangu anaiga sauti ya mtu kuwachekesha wenzake. Naye ana stika mlangoni hivi tunavyoongea. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hajui tofauti, ataiona rangi ataamini. Vyuo vingine wanakusainisha kwanza ahadi, na nadhani hata hiyo haitoshi lakini ingalau mtu angesoma anachosaini. Stika za zamani nyingi zilikuwa na pembetatu ya waridi, alama ambayo Wanazi waliwashonea wanaume waliofungwa kambini kwa ushoga, na baadaye watu wakaigeuza kuwa alama ya kujivunia. Kitu chenye uzito huo unakigawa kwa boksi?

Niseme ilivyofanya kazi kweli, maana hii ni rivyu na nyie mnataka kujua kama inafaa. Wiki tatu hakuja mtu. Stika ikaanza kubanduka kona, mtu akaandika neno juu yake kwa kalamu, nikafuta kwa spiriti, rangi ya njano ikatoka kidogo. Halafu Jumamosi moja usiku kijana wa ghorofa yangu akaja kuazima stepla. Nikampa. Akarudi, haina pini. Nikampa pini. Akarudi mara ya tatu, akasimama mlangoni, hana karatasi yoyote mkononi, akawa anaikwangua ile stika pale ilipobanduka kwa ukucha wa kidole gumba, akauliza hii umeibandika wewe au uliikuta. Nikasema nimeibandika mimi. Akaingia akakaa.

Sitasema aliyosema. Nitasema tu kwamba mdomo wangu ulitaka kabisa kusema "mimi sina shida na hilo", ulikuwa umeshafunguka, nikamkumbuka mzee wa hesabu na magoti yake, nikasema asante kwa kuniambia. Akashusha mabega.

Lakini tatizo likaja palepale. Alihitaji kuongea na mnasihi, kitu kinachonizidi mimi, nikatoa kikaratasi cha namba tulichopewa semina. Namba ya kwanza ni ya ofisi inayofungwa saa kumi jioni na haifunguki wikiendi. Ya pili haipatikani. Ya tatu akapokea mtu wa idara ya usafi, akashangaa, akasema kila muhula anapigiwa. Kila muhula! Ina maana mmeprinti kikaratasi hichohicho na hakuna aliyewahi kupiga kujaribu. Tulikaa mpaka usiku mwingi tukiongea mambo ya mpira, Jumatatu nikamsindikiza mwenyewe, na mnasihi aliyempokea alikuwa mzuri sana, hilo siwezi kuwanyima.

Niliwaandikia kuhusu namba. Baada ya siku kumi wakajibu kwa heshima, wakasema watarekebisha, na wakauliza kama ningependa kusaidia kuendesha ya muhula ujao. Nimekubali kwa sharti la viti asubuhi na bendera jioni, bado hawajanijibu. Kama unajiandikisha kabla sijapata jibu, njoo baada ya chakula cha mchana, kaa mbele, na namba zote kwenye kikaratasi zipige kabla hujatoka ukumbini.