Jibu nililopewa usiku ule baada ya kunyonywa mafuta

Ilikuwa msimu wa kaskazi nilipokwenda Dar es Salaam kufanyiwa upasuaji wa kunyonya mafuta ya tumbo na kiuno, na hadi leo kinachoniwasha moyoni si makovu bali sauti ya muuguzi aliyepokea simu yangu.

Niliruhusiwa kesho yake asubuhi, nikapanda basi kurudi Tanga, nikakaa kitini saa nyingi bila kuambiwa na mtu yeyote kwamba kukaa muda mrefu baada ya upasuaji kunaongeza hatari ya damu kuganda miguuni. Usiku ule, nikiwa kwa mama mdogo, mtaa wa Ngamiani palepale Tanga, shuka na kanga mbili zililowa maji ya rangi ya damu yaliyovuja kwenye matundu walikoingiza mrija. Mama mdogo alidhani ninakufa. Nilipopiga simu, muuguzi alisema, "Dada, si wewe uliyetaka urembo? Vumilia," kisha akakata. Hata "pole", ambayo kwetu Tanga hupewa mpita njia aliyejikwaa, sikupewa.

Baadaye daktari mwingine alinieleza kwamba kabla ya kunyonya mafuta hujaza sehemu ile maji ya chumvi yaliyochanganywa na dawa ya ganzi na adrenalini, ili kupunguza maumivu na kubana mishipa isitoe damu nyingi, na kwamba sehemu ya maji hayo ni lazima ivuje kwa siku moja au mbili hivi. Maelezo hayo hayakuchukua hata dakika mbili. Kwa nini sikupewa kabla sijatoka wodini?

Nguo ya kubana niliivaa usiku na mchana kwa wiki kadhaa, jasho likinitiririka, huku mama mdogo akisisitiza kwamba huo ni mkaja tu, kama ule anaofungwa mwanamke tumboni akishajifungua, wala wazungu hawakuvumbua chochote. Wiki ya tatu tumbo lilikuwa limevimba kuliko nilivyokwenda, ngozi imekufa ganzi, na mizani haikuonyesha tofauti ya maana, kwa sababu upasuaji huu hurekebisha umbo na si tiba ya unene. Uvimbe ulichukua miezi kuisha.

Ni haki niseme kwamba mikono ya daktari aliyenipasua ilikuwa mizuri: kiuno kimetulia, na magauni niliyokuwa nimeyaweka kando ninayavaa tena. Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwashauri wenzangu waende. Lakini kila nikiikumbuka simu ile, hasira inanipanda upya, na ninaona kwamba kazi nzuri ya saa mbili haimsaidii mgonjwa aliyeachwa peke yake usiku wa manane.

Wiki iliyopita mdogo wangu aliniuliza kama naye aende kulekule, nikamwambia aende. Jana nimempigia kumwomba asilipe hata shilingi kabla hajaambiwa ni nani atakayepokea simu yake usiku.