Refa yule na tepu yake

Naona kila mtu anawamwagia sifa hawa jamaa wanaoandaa michezo ya vita vya mezani, ile ya wanasesere wa askari, huku Uingereza. Ngoja na mimi nitoe ya moyoni. Meza zao nzuri, huduma ovyo. Yaani ovyo kabisa.

Nililipia nafasi kwenye pigano la Bicocca, lile la 1522 karibu na Milan, nikapewa Waswisi, mamluki wa mfalme wa Ufaransa. Anayejua historia ameshacheka. Waswisi siku ile walikataa kusubiri mizinga ifanye kazi yake, wakavamia kichwakichwa hadi kwenye barabara iliyodidimia, mbele yao tuta la udongo, na juu ya tuta magobori ya Wahispania yamepangwa mistari minne. Waliangamia zaidi ya 3,000. Nilijua hayo yote na bado nikawataka. Sheria za mchezo nazo zinakulazimisha uwe mkaidi kama wao: kila zamu unarusha dadu, ukikosa namba wanavamia wenyewe, Lautrec, jenerali wa Wafaransa, apende asipende. Hapo walinikosha kweli.

Sasa kisa chenyewe. Kikosi changu cha mikuki mirefu kimepigwa, nusu kimeshaondolewa mezani, lakini kimefika ukingoni mwa barabara. Kinachobaki ni kushuka na kupanda tuta. Refa akaja na tepu kupima kama mwendo wangu unafika. Badala ya kuinyoosha juu kwa juu, akailaza ifuate ardhi: ikashuka ukingo, ikapita chini, ikapanda tuta. Nikawa nimepungukiwa nusu inchi. Nusu inchi! Na zamu iliyotangulia mwenzangu alipimiwa juu kwa juu, palepale! Nikauliza, tena kwa adabu, mbona vipimo viwili. Hata kunitazama hakunitazama. Akajibu, ukumbi mzima ukisikia, kwamba meza ile si ya wanaojifunza.

Mimi, wa kujifunza? Nina mamluki wa Kijerumani wa milimita 28 droo nzima, nimewapaka rangi mwenyewe, mmoja mmoja, kila mkono wa shati una mistari yake, hadi macho yakatoa machozi. Mtu ananiambia najifunza!

Tangu hapo sikuona zuri tena. Chai yao maji matupu. Viti vinakata kiuno. Hata maegesho, ambayo asubuhi sikuyaona na kasoro, yakawa ya hovyo.

Ila haki ya mtu nimpe. Mpinzani wangu, mzee mmoja mtaratibu aliyemchezea Frundsberg, kamanda wa mamluki wa Kijerumani upande wa pili, alisema bora nipande tu, yeye haoni ubaya. Refa akakunja uso, nikapanda. Nikachinjwa na mikuki ya Frundsberg pale juu, kama ilivyokuwa, na sijafurahi kushindwa namna ile maisha yangu yote. Hiyo mikuki ni ya waya, ukishika vibaya inachoma, nami nina alama kidoleni.

Nilikusudia nyota moja. Nyota moja si haki kwa tuta lile, limepandwa nyasi hadi kwenye mipasuko. Basi tatu. Nne, wakimtoa refa. Safari ijayo wanacheza pigano la Pavia la 1525 na nimeshalipia, nimeomba niwe Mfalme Francis wa Kwanza wa Ufaransa, najua fika kwamba anatekwa. Lakini tepu safari hii nakwenda na yangu, na yule bwana aje alaze ya kwake tena mbele yangu aone.