Nimesoma Peponi, na siku mbili nililiona zito daftari la madeni

Kitabu hiki sikukinunua mimi. Alikinunua mtoto wa dada yangu huko Dar es Salaam, akakisoma nusu, kisha Idi iliyopita akaniletea Tanga. Akaniambia, "Mama mdogo, hiki ni chako. Kuna duka ndani yake, na kuna madeni." Mimi ni mshika daftari kwenye duka la jumla hapa Ngamiani, mwaka wa kumi na tisa sasa. Najua nani amechukua sukari kwa mkopo, nani amepunguza, nani anapita njia ya nyuma ili tusionane. Riwaya nazisoma usiku, vyombo vikishaoshwa, kwa raha yangu tu.

Peponi ni riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepewa Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Aliiandika kwa Kiingereza ikatoka mwaka 1994 kwa jina la Paradise. Kiswahili chake kimetoka mwaka 2022, Mkuki na Nyota ndio wachapishaji, na mfasiri ni Ida Hadjivayanis, mwalimu wa chuo cha SOAS kule London. Hesabu mwenyewe, miaka 28. Kisa cha watu wa pwani hii, cha misafara ya bara na maduka ya barazani, kimesomwa na watu ambao hawajawahi kuisikia siwa, lile baragumu la sherehe, ikipigwa, ndipo kikatufikia sisi. Hilo limeniuma, na nalisema mapema kwa sababu tangu ukurasa wa kwanza nilikuwa nasoma kwa uchungu wa mtu aliyecheleweshewa haki yake.

Yusuf ana miaka kumi na miwili. Baba yake ana hoteli ndogo isiyokwenda vizuri, nyumbani njaa haiko mbali. Tajiri Aziz akija kuwatembelea, mama hupika kweli kweli, na mtoto huvizia kitakachobaki kwenye sahani za wageni. Tajiri akiondoka humwachia sarafu ya ana kumi, fedha ya enzi zile. Yusuf anampenda, anamhesabu ndugu wa damu. Kisha siku moja anaambiwa afungashe, atasafiri naye kwa treni. Hakuna anayemweleza sababu. Akifika pwani analazwa kwenye baraza ya duka pamoja na kijana mwingine, Khalil, na ni Khalil anayemfungua macho: huyu si ndugu yako, huyu ni bwana, na wewe uko hapa kwa sababu baba yako anadaiwa.

Hapo nilikifunga kitabu. Kwetu rehani ni cherehani, ni baiskeli, ni hati ya kiwanja. Nimeandika rehani za watu kwa mkono wangu huu. Kumbe kulikuwa na wakati, na si zamani ya masultani wa hadithi, Wajerumani wameshafika na reli inapita, ambapo aliyewekwa rehani ni mtoto, na yeye mwenyewe hajui. Kesho yake dukani, na kesho kutwa, kila nilipolivuta lile daftari niliona jina la mtu kwanza, kiasi baadaye. Mara nyingi mimi husoma kiasi kwanza.

Kuna jingine lililonifunga. Nilipokuwa mdogo tulikuwa na dada nyumbani, ameletwa kutoka Lushoto akiwa na miaka kama kumi. Walisema anakuja kusoma. Alimwita mama yangu shangazi, nasi tuliambiwa tumwite dada, na kwa miaka mingi niliamini ni ndugu yetu. Mimi nilivaa sare nikaenda shule, yeye akabaki anachota maji na kumbeba mdogo wangu wa mwisho. Hakusoma hata siku moja. Aliondoka kwenda kuolewa mimi nikiwa darasa la saba. Yusuf aliponing'inia kwenye neno la undugu ambalo halikuwa na undugu ndani, nilimwona yule dada amekaa kwenye kigoda uani kwetu, anachambua mchele.

Kwa hiyo wengine wakisema mhusika mkuu ni Yusuf, mimi nasema ni Khalil. Ni Mwarabu, wateja wanamcheka kwa lafudhi yake, naye anawarudishia maneno makali na mizaha, anapiga kelele mchana kutwa. Mtu kama huyo nafanya naye kazi. Nimemjua kwa namna anavyopima, anavyobishana, anavyomlinda bosi wake hata bosi asipokuwepo. Baadaye unaelezwa kwamba deni la baba yake lilikwisha, mlango uko wazi, angeweza kwenda zake. Haendi. Sababu ni Amina, aliyelelewa naye kama dada, ambaye yumo ndani ya nyumba ile kubwa nyuma ya ukuta. Mwandishi halii kwa niaba yake wala hamsifu. Anamwacha Khalil aseme kidogo, kisha aendelee kuwahudumia wateja.

Halafu yupo Mzee Hamdani, mtunza bustani. Mtumwa huyu aliwahi kupewa uhuru na bibi aliyemmiliki akaukataa, na anapoulizwa kwa nini, jibu lake ni la mtu aliyefikiri miaka mingi huku akimwagilia miche: nani alimwambia bibi kwamba uhuru wangu ulikuwa mikononi mwake hata anizawadie? Ni kurasa chache tu. Nimezirudia mara tatu, na mara ya tatu nilimsomea mume wangu kwa sauti. Alikuwa anasikiliza mpira redioni, akaizima.

Anayeijua Sura ya Yusuf katika Qur'ani atakisoma kitabu hiki kwa faida zaidi. Kijana mzuri wa sura, mbali na baba yake, mke wa tajiri anamtaka, kanzu inachanika. Nilipofika kwenye ile kanzu moyo ulinidunda, kwa sababu madrasa tulifundishwa kuuliza: imechanika mbele au nyuma? Ikiwa mbele, kosa ni la kijana; ikiwa nyuma, alikuwa anakimbia na mwanamke ndiye aliyemvuta. Gurnah anajua kwamba tunajua. Kwa Kiswahili jambo hili limetua mahali pake bila maelezo ya ziada, na nampongeza mfasiri. Kiswahili chake kina pumzi ya pwani: salamu zina urefu wake, matusi yana ukali wake, na watu wazima wanasemeshwa kama watu wazima.

Sasa kasoro. Safari ya bara ni ndefu. Inaanza vizuri, na mnyapara Mohammed Abdalla anatisha kweli, lakini kuna sehemu kila anayekaa chini anasimulia hadithi, na ndani ya hadithi kuna hadithi nyingine, majina yakanichanganya nikalazimika kurudi nyuma. Nadhani hapo ndipo mtoto wa dada yangu alipochoka. Inapata nguvu tena kwa Chatu, mtawala aliyedhulumiwa na mfanyabiashara mwingine na sasa anawakamata hawa na mali yao. Pale nilishindwa kujua niwe upande wa nani, na nafikiri ndivyo ilivyokusudiwa. Kasoro kubwa kwangu ni Amina. Anatajwa kwa muda mrefu kabla hatujakaa naye, akianza kuzungumza unataka asiache, na kitabu kinakaribia kwisha. Mwisho wenyewe ni wa ghafla, kurasa chache tu na Yusuf anaamua jambo ambalo sikulitarajia. Siku ya kwanza nilimkasirikia mwandishi. Sasa simkasirikii tena, ila bado namhofia yule kijana.

Watoto wadogo wasipewe, kuna mambo ya kikubwa na ukatili humo. Kwa kijana wa sekondari anayefundishwa historia ya biashara ya misafara kwa tarehe na ramani, ningekiweka mezani kwake kesho asubuhi.

Nilipokimaliza nilimpigia mama simu. Ana miaka sabini na mmoja, bado ana kumbukumbu nzuri. Nikamuuliza kuhusu yule dada wa Lushoto: baba yake alikuwa anadaiwa na baba? Ndiyo maana alikuja kwetu? Mama akakaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema hapana, hakukuwa na deni lolote. Akasema yupo Soni sasa, ana wajukuu, na namba yake anayo. Nimeiandika, na Jumapili nitampigia.

Kitabu nimekirudisha Dar kwa basi la asubuhi, nimekifunga kwenye gazeti. Mtoto wa dada yangu nimemwambia asianze upya. Aendelee pale alipoishia, avumilie mpaka msafara urudi pwani, na kuanzia hapo asisome akiwa kwenye daladala, atapitilizwa kituo.