Maka ya kasino Las Vegas: haina riba, lakini ni hundi

Kasino za Las Vegas humkopesha mchezaji mezani kwa karatasi iitwayo maka. Sifa yake inayotangazwa ni ya kweli: haina riba, na mara nyingi hukaa hadi siku 30 kabla ya kupelekwa benki. Mwenye fedha tayari kwenye akaunti ataepuka kusafiri na mabunda ya noti. Asiyenazo asiiguse.

Fomu hujazwa siku kadhaa kabla ya safari: kitambulisho, benki, namba ya akaunti ya hundi, kiwango unachotaka. Kasino huuliza benki kuhusu salio lako, kisha hupekua Central Credit, zinakotunzwa kumbukumbu za madeni ya wachezaji kwenye kasino nyingine. Ukikubaliwa, mezani unataja kiasi, unasaini, unapewa chipu za kuchezea. Wepesi huo, pamoja na pombe ya bure, ndio hatari yenyewe. Mfanyabiashara Mmarekani Terrance Watanabe alipoteza takriban dola milioni 127 mwaka 2007, na mwaka 2009 akashtakiwa kwa maka za dola milioni 14.7. Mashtaka yalifutwa baada ya mapatano.

Alishtakiwa kwa sababu, kisheria, maka ni hundi. Tangu 1983 Nevada, jimbo lenye Las Vegas, inaruhusu kasino kuidai mahakamani, na mwaka 2000 Mahakama ya Juu ya jimbo ilithibitisha kuwa sheria ya hundi isiyo na fedha inaihusu. Ikirudi kutoka benki bila kulipwa, unatumiwa notisi. Usipolipa ndani ya siku 5 baada ya kuipokea, unachukuliwa kuwa ulikusudia kulaghai. Kuanzia dola 1,200 ni jinai nzito: kifungo cha mwaka 1 hadi 4, faini hadi dola 5,000, na deni liko palepale.

Kosa la kawaida hufanywa na walioshinda: wanachukua taslimu, wanaiacha maka, fedha zinaisha nyumbani kabla hundi haijafika benki. Lipa kwa keshia kabla ya kutoka, na udai karatasi uliyosaini.

Uingereza imefanya vizuri zaidi: Sheria ya Kamari ya 2005 inazikataza kasino kukopesha. Singapore huwazuia raia na wakazi wa kudumu kukopeshwa na kasino, isipokuwa walioweka amana ya dola 100,000 za nchi hiyo. Nevada imeacha kinga mikononi mwa mchezaji: Kanuni 5.170 inazitaka kasino kuwa na utaratibu wa kumwezesha kujiwekea kikomo cha mkopo. Ombi hilo lipeleke kwa maandishi, kasino moja baada ya nyingine, kabla hujakaa mezani.